Ukurasa wa Duka Uliojaa Rambirambi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata kwa sauti ndogo kama hii yangu!

Mnaonijua mnajua kwamba mimi si mtu wa kusimama mbele. Kiti changu ni kile cha nyuma, karibu na dirisha lenye kioo kilichopasuka, na ibada ikiisha huwa nimeshafika kwenye ngazi kabla watu hawajaanza kusalimiana. Mchungaji aliponiomba nitoe ushuhuda, nilimwambia nitaandika kisha nisome, maana nikizungumza bila karatasi nitalia, na nikilia hamtasikia kitu. Shule yangu iliishia darasa la sita kule Uvira, Kongo, kwa hiyo maneno yangu ni ya kawaida. Lakini ni ya kweli. Nimeyapima kama ninavyopima kiuno cha mteja: sikuongeza, sikupunguza.

Mimi ni Mapendo, mnayeniita Mama Feza. Mume wangu alikuwa Masumbuko, fundi cherehani. Wengi wenu mlivaa nguo zake, na wengine naona mmezivaa leo. Mungu awabariki.

Ndugu zangu, nianze na maisha yetu yalivyokuwa. Chumba chetu cha kazi kiko hapa hapa katikati ya Johannesburg, katika jengo la zamani, ghorofa ya tano, lifti ilishakufa kabla sisi hatujafika. Masumbuko alikuwa mtu wa maneno na mkasi. Mteja akiingia, yeye ndiye aliyempokea, akamchekesha, akampima, akakata kitambaa. Mimi nilikaa nyuma ya pazia na cherehani. Nilishona, nikatia bitana, nikatoboa matundu ya vifungo kwa mkono, nikapiga pasi. Alikuwa akitoka na nguo mikononi mwake na mteja anasema, "Fundi, una mikono ya dhahabu!" Naye anacheka na kuelekeza kidole kwenye pazia: "Mikono ya dhahabu imekaa kule, inakunywa chai." Watu walidhani anatania.

Yeye ndiye aliyeliweka duka kwenye ramani ya simu. Akaliita kwa Kifaransa, Maison Masumbuko, yaani Nyumba ya Masumbuko, kwa sababu alisema nguo bila Kifaransa ni kama mchuzi bila chumvi. Akaweka picha yake mwenyewe, amevaa suti ya bluu, utepe wa kupimia shingoni. Watu walikuwa wakitupata kwa njia hiyo, wakipiga simu, wakiuliza. Mimi sikuwahi kugusa mambo hayo. Kwangu simu ilikuwa ya kupigia nyumbani.

Kisha kifua kikamshika. Sitaeleza sana. Aliingia hospitali akitembea, akazungumza na wauguzi kwa Kizulu chake kile cha kuvunja mbavu, na hakutoka.

Ndugu zangu, mlinishika mkono! Siku zile za matanga sikukaa peke yangu hata kidogo. Mama wa kanisa mlipika, wanaume mlikaa kwenye korido ya duka na viti vya plastiki, mlifunga mlango wa chumba cha kazi na kuning'iniza kitambaa cheusi juu ya kitasa, kama desturi yetu ilivyo. Fundi akifa, cherehani inanyamaza. Simu yake niliizima nikaiweka kwenye droo ya chaki na sindano, kwa sababu kila ilipolia nilikuwa nageuka kumwita.

Matanga yakaisha. Nikamwacha Feza aende shule, nikapanda ngazi, nikaondoa kile kitambaa cheusi, nikafungua mlango. Nikakaa kwenye cherehani. Nikangoja.

Hakuna aliyekuja.

Mwanzoni nilijiambia kwamba watu wana heshima, hawataki kumsumbua mjane. Nikangoja tena. Nilifagia chumba kilichokuwa kisafi. Nilipaka mafuta cherehani zote mbili, yangu na yake. Asubuhi nilisikia miguu ikipanda ngazi, moyo ukaruka, kumbe inakwenda kwenye saluni ya ghorofa ya sita. Mtaani chini umati ulipita kama kawaida, taksi zinapiga honi, wachuuzi wanaita, Johannesburg yote ina haraka, na mimi nimekaa juu yao kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Niliomba. Nilifunga. Mama mmoja mwenye nia njema, sitamtaja, alinijia akanong'ona, "Mama Feza, hapa pana mkono wa mtu. Biashara haifi hivi hivi." Akataka tutie mafuta kwenye kizingiti. Tukatia. Kizingiti kikateleza, mimi mwenyewe nikakaribia kuanguka. Wateja hawakuja.

Nikaanza kuamini jambo baya zaidi ya uchawi. Nikaamini kwamba watu walikuwa wakimtaka yeye tu. Kwamba mimi nilikuwa pazia, basi. Na pazia peke yake si duka.

Dada yangu yuko Lusaka. Aliniambia niuze cherehani, nichukue mtoto, niende kwake. Nikaona ni sawa. Nikampata mnunuzi, baba mmoja wa Kizulu anayenunua na kuuza mashine za kushonea, mtu mpole. Tukaelewana kwamba atakuja Jumamosi na vijana wa kubeba. Nikarudi nyumbani nikamwambia Feza. Mnajua watoto wetu waliozaliwa hapa, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Lakini siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili, akitafuta kila neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alisema, "Mama, ukiuza cherehani ya Papa, Papa atakaa wapi?"

Nikamwambia ale.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni jinsi Bwana anavyofanya kazi! Nilikuwa nikimwomba atume malaika. Akamtuma Mwanahamisi.

Mwanahamisi ni jirani yangu wa korido, mama wa Kiislamu kutoka Tanga. Anauza mabaibui, udi na manukato, na kila siku anajirekodi kwenye simu akiuza, anacheka, anazungusha mabaibui, watu wanaagiza hadi kutoka Durban. Tulikuwa tukisalimiana tu. Alikuja kwenye matanga na sufuria ya pilau, akakaa mkekani na wenzake, akalia kama ndugu. Juma lile la mwisho, alikuja akigonga mlango wangu kwa ngumi.

"Mama Feza! Uko hai wewe au nawe umemfuata mumeo?"

"Niko, Dada Mwana. Ingia."

"Hebu mwone mgeni wako. Nimemkuta amesimama chini ya ngazi kama mtoto aliyepotea sokoni."

Nyuma yake alikuwa mwanamke nadhifu, Mkenya, anafanya kazi benki kule Sandton. Alikuwa na kitenge kizuri ndani ya mfuko na uso wa mtu anayeomba radhi. Alisema mwenzake kazini aliwahi kushonewa gauni hapa, akamsifia sana. Basi yeye, alipofika chini ya jengo, akatafuta kwenye simu kabla ya kupanda.

"Pole sana, Mama," alisema. "Nilitaka kurudi. Simu iliniambia mmefunga kabisa. Na nilipoanza kusoma maoni ya wateja, nikaona ni watu wanalia tu. Nikadhani nimefuata njia ya makaburini. Ni huyu mama aliyeniambia kuna sauti ya cherehani huku juu."

Nilikuwa nikishona mifuko ya kubebea sindano, kwa vile mikono haijui kukaa bure. Sikuelewa anachosema. Nikamwomba anionyeshe.

Akanipa simu yake. Ndugu zangu, nikamwona mume wangu! Amesimama pale na suti yake ya bluu, anacheka. Na chini ya jina lake, kwa maandishi mekundu: pamefungwa kabisa. Na chini ya hapo, mahali ambapo wateja hueleza kama nguo ni nzuri au mbaya, mlikuwepo ninyi. Wengi wenu!

"Pumzika kwa amani, fundi wetu." "Papa, ulinishonea suti ya harusi ukakataa nikulipe yote." "Nipo zamu ya ulinzi, sikuweza kufika mazikoni, nisamehe." "Tumebaki yatima." Wengine kwa Kifaransa, wengine Kiswahili, wengine Kizulu. Kwetu, msiba ukitokea, mtu asiyefika mkekani ni lazima aonekane kwa namna yoyote. Wale waliozuiwa na kazi, waliokuwa mbali, Cape Town, Lubumbashi, walitafuta mahali pa kuketi kwenye msiba wa Masumbuko, wakapata pale. Waliufanya ukurasa wa duka kuwa mkeka wa matanga.

Na kwa kuwa simu haikubali maneno bila kubonyeza nyota, zile za kupimia uzuri wa duka, wakabonyeza. Wengi walitoa nyota tano. Lakini rafiki yake mmoja wa zamani sana, ambaye alimpenda kama pacha, alitoa nyota moja tu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba aliona nyota nyingi ni shangwe, na msibani hakuna shangwe. Alitoa ndogo kuliko zote kwa sababu uchungu wake ulikuwa mkubwa kuliko wote.

Nilisoma mpaka yule mama wa watu akaketi kwenye kiti cha kupimia, akangoja, simu yake mkononi mwangu. Nililia, lakini si kilio kile cha mwanzo. Sikujua kwamba alipendwa hivyo. Na sikujua kwamba upendo ule ule ndio uliokuwa umesimama mlangoni kwangu ukiwarudisha wateja.

Mwanahamisi alikuwa akisoma juu ya bega langu. Akapangusa macho kwa ncha ya mtandio, kisha akapiga ulimi.

"Sasa nani huyu aliyeiambia simu pamefungwa?"

Ndugu zangu, nani? Ndugu Deo, simama! Simama tu, nimeshakusamehe na umeshanipa ruhusa nisimulie. Ndugu yetu Deo, shemasi wa mlangoni, siku ya matanga simu yake ilimuuliza kama mahali pale pako wazi. Naye ni mtu mkweli. Kitambaa cheusi kipo mlangoni, fundi hayupo. Akajibu kwamba pamefungwa. Akawashauri na wengine waliokuwa kwenye korido wajibu hivyo hivyo, ili wateja wasimsumbue mjane. Alifanya kwa heshima! Lakini simu haijui matanga. Haijui kwamba kwetu mlango ukifungwa kwa msiba utafunguliwa tena. Ikiambiwa na watu wengi kwamba pamefungwa, inaandika pamefungwa milele. Basi yule mama alisema kweli kwamba pana mkono wa mtu. Ulikuwa ni kidole gumba cha Deo!

Chekeni, ndugu zangu. Mimi mwenyewe nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Nikampima yule dada wa benki. Sasa hapakuwa na mtu wa kukata. Nilitandika kitenge chake mezani, nikashika mkasi wa Masumbuko. Nilikuwa nimemtazama akikata kwa miaka mingi kupitia tundu la pazia. Nikasema, "Yesu, shika na wewe." Nikakata. Maua ya kitenge yakakutana kwenye mshono kama yanayojuana.

Lakini mteja mmoja hajengi nyumba, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Mwanahamisi aliniletea Kaka Fiston, Mkongomani mwenzetu, kazi yake ni kuzitangaza biashara mtandaoni. Ni mtu mwenye bidii, simsemi vibaya. Alipanda ngazi akihema, akafungua kompyuta yake juu ya meza ya kukatia, akatazama ukurasa wetu, akatikisa kichwa.

"Eish, Mama Feza. Hapa hakuna duka, hapa kuna kaburi. Tunafuta yote, tunaanza upya. Jina jipya, la Kiingereza. Nitakuletea maoni mazuri, watu wa kuandika ninao. Picha za magauni zipo nyingi mtandaoni, tunachukua zile kali."

"Hao watu wa kuandika, wamevaa nguo zangu?"

"Mama, hawajavaa. Wanaandika tu. Kila mtu anafanya hivyo."

"Na hizo picha, nani kazishona?"

"Mama! Hii ni biashara, si kanisa."

"Kaka, mimi sina mtu mwingine wa kumtuma kwenye biashara. Anayekwenda kanisani ndiye huyu huyu."

Mwanahamisi akaangua kicheko. "Fiston, umekutana na ukuta! Funga kompyuta yako, baba, unywe chai."

Fiston alikunywa chai. Na alinifundisha kitu kimoja cha haki kabla hajaondoka, nami namshukuru. Alisema, "Mama, ule mtandao wa kutafutia vitu ni kama yule mtu anayeelekeza abiria pale kwenye kituo cha taksi. Mgeni anamuuliza, fundi mzuri yuko wapi? Yeye hawezi kupanda ngazi zako zote kukagua. Anamtuma mgeni kwa mtu ambaye saa zake zinajulikana, anaeleza anachofanya kwa maneno ambayo wageni wanayatumia, watu wanamtaja, na akisemeshwa anajibu. Wewe husemi kitu. Duka lisilojibu, nani atamwelekeza mgeni huko?"

Neno hilo likakaa moyoni mwangu: duka lisilojibu.

Ijumaa nilifunga tena na kuomba. Mchana nilikuwa peke yangu chumbani, jua limeingia mpaka kwenye cherehani yake. Sikumwomba Bwana wateja siku hiyo. Nilikuwa nimechoka kuwaomba wateja. Nilisema tu, "Baba, nifanye nini na hawa watu wote waliomlilia?" Na ndipo lilipokuja, si sauti, si ndoto, bali jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Matanga yakiisha, mfiwa huwashukuru waliokuja. Anapita nyumba kwa nyumba. Anasema: nimekuona, ulikaa nami, Mungu akuone na wewe. Mimi niliwashukuru wa mkekani. Wale wa kwenye ukurasa walikuwa bado wamekaa pale, hakuna aliyewajibu, hakuna aliyewaambia wanaweza kuinuka.

Nikafungua droo ya chaki. Nikaiwasha simu ya mume wangu.

Ndugu zangu, ilikuwa vigumu. Lakini simu ile ndiyo iliyokuwa na ufunguo wa ule ukurasa. Mwanahamisi alifunga duka lake akaja kwa ajili yangu, mteja wa manukato akiwa bado mlangoni! Akanionyesha pa kubonyeza. Jambo la kwanza tuliondoa yale maandishi mekundu, tukaweka saa zetu za kazi. Halafu nikaanza kushukuru, mtu mmoja mmoja, kwa kidole kimoja.

Kwa yule wa suti ya harusi niliandika: Asante kwa kutulilia. Naikumbuka suti yako, ya kijivu, bega lako la kushoto liko chini kidogo ya la kulia. Yeye alikata, mimi mkewe nilishona. Bado nashona, chumba ni kile kile. Kwa mlinzi wa zamu niliandika: Hakuna cha kusamehe, ulikuwa kazini, yeye mwenyewe hakupenda mtu aache kazi. Na kwa yule wa nyota moja: Ndugu yangu, nimeiona nyota yako. Nakushukuru.

Fiston aliwahi kusema ile nyota moja inatuangusha, tumwombe aibadilishe. Sikuomba. Ipo mpaka leo. Ni kilio chake, mimi ni nani nikipange upya?

Kisha Mwanahamisi akaniambia nieleze ninachoshona. "Jina la Kifaransa liache, ni la marehemu, lakini nani Johannesburg anatafuta nguo kwa Kifaransa? Sema wazi. Kitenge. Gauni la harusi. Shweshwe, kile kitambaa cha wenyeji. Useme uko mjini, ghorofa ya tano."

"Niseme na lifti haifanyi kazi?"

"Mama Feza, hakuna mfanyabiashara duniani anayetangaza lifti mbovu."

"Akifika akaikuta mbovu, ataniita mwongo."

Tukaandika na lifti. Mwanahamisi aliandika kwa Kiingereza huku akinung'unika kwa Kitanga.

Akataka pia anirekodi video fupi kama zake. Akaniambia nitabasamu. Nilijaribu, akasema basi, acha, utatisha watoto. Akarekodi mikono yangu tu, ikipinda pindo, na mimi nikasema maneno yaliyokuwepo: "Mume wangu Masumbuko alikuwa akikata, mimi nikishona. Amelala. Sasa nakata pia. Magauni nayaweza, suruali naiweza. Koti la suti la mwanamume bado najifunza, usiniletee kwanza." Mwanahamisi alishika kichwa. "Unawafukuza wanaume wote wa jimbo la Gauteng!" Lakini akairusha vile vile, na tafsiri ya Kiingereza chini.

Bwana asifiwe! Nasema, Bwana asifiwe!

Haikuwa mvua. Sitawadanganya kwamba watu walijipanga hadi mtaani. Lakini jioni ile ile simu ya Masumbuko ikalia, na kwa mara ya kwanza sikugeuka kumwita. Niliipokea. Ilikuwa ni yule mlinzi. Alisema mkewe anataka gauni la ubatizo wa mtoto, alidhani hakuna tena mtu wa kulishona. Baada yake, yule wa suti ya kijivu akaweka picha yake ya harusi pale kwenye ukurasa, chini ya maneno yake ya kilio. Mwingine akaona, naye akaweka ya kwake. Wakaanza kuzitoa nguo za Masumbuko makabatini na kuzipiga picha, kama watu wanaosimulia habari za marehemu kwenye matanga, mmoja akimaliza mwingine anapokea. Ninyi mnakumbuka. Wengi wao ndio ninyi! Hakuna aliyelipwa. Hakuna aliyeandika asichokijua.

Jumamosi asubuhi yule baba mnunuzi akapanda ngazi na vijana wake wa kubeba. Alinikuta ninashona, na kwenye benchi amekaa mama kutoka mtaa wa Alexandra, amekuja na shweshwe ya harusi ya binti yake. Aliniona kwenye ile video. Aliniambia, "Mtu anayesema asichokiweza, nitamwamini kwa anachokiweza."

Nikasimama. Nikamwambia yule baba kwamba nimebadilisha mawazo, cherehani haziuzwi, anisamehe kwa usumbufu. Alinitazama, akatazama cherehani, akatazama vijana wake wanaotoka jasho.

"Eish, Mama. Nimepanda ngazi zote hizi nirudi mikono mitupu?"

"Baba, ukurasa unaeleza wazi kwamba lifti ni mbovu."

Yule mama wa Alexandra alicheka hadi akashika ukuta. Naye baba akacheka. Akavuta kiti akakaa, akasema suruali yake moja imechanika tangu Krismasi, kwa kuwa yuko hapa basi nimpime. Nikampima. Cherehani ya Masumbuko ikabaki pale pale ilipo, Feza akafika mchana kutoka nyumbani, akaiona, akaiwekea mkono juu kama unavyomwekea mtu begani.

Ndugu zangu, siku nyingine ni ngumu bado. Wiki iliyopita mteja aliandika kwamba mkono wa gauni lake unabana. Ilikuwa kweli. Nikajibu pale pale mbele ya watu wote: ni kweli, nilikosea kukata, niletee nilegeze. Ameleta. Maneno yake sikuyafuta. Naendelea kujifunza koti la suti. Lile la kwanza nimemshonea Kaka Fiston, bega moja linataka kuruka, lakini analivaa, na amesema ni la mitindo.

Leo mnaona sikuvaa nyeusi. Mchungaji na mama wa kanisa wameniombea asubuhi, wamenivua nguo za msiba kama desturi inavyotaka. Gauni hili nimelikata mwenyewe. Kwenye ukurasa, picha ya Masumbuko ipo juu kama alivyoiweka, na chini yake sasa ipo ya kwangu. Pazia nimelitoa. Na mgeni yeyote anayetafuta fundi katika mji huu mkubwa atapita kwanza katikati yenu, atasoma mlivyompenda mume wangu, ndipo atafika kwangu. Nilidhani rambirambi zile zinanizibia njia. Kumbe mlikuwa mmejipanga pande zote mbili za korido kumwongoza mgeni aje.

Namshukuru Mungu aliye hai. Namshukuru jirani yangu Mwanahamisi, ambaye amepanda hadi huku leo na amekaa pale karibu na mlango, na tayari ameshaniashiria kwamba nimeongea sana. Nawashukuru ninyi. Ndugu Deo, nakushukuru na wewe, ila simu ikikuuliza tena jambo, uje kwanza uniulize mimi!

Sikusimama hapa kuuza nguo. Nimesimama kwa ajili ya yule aliyekaa nyuma, kwenye kiti changu. Labda umefiwa. Labda umesikiliza kimya cha ngazi mpaka ukaamini kwamba hakuna atakayepanda tena. Mtegemee Bwana, dada yangu, kaka yangu. Wajibu waliokulilia. Na ukisikia kwamba mlango wako umefungwa kabisa, uliza kwanza ni nani aliyesema. Kama si Mungu aliyesema, inuka, ondoa kile kitambaa cheusi kwenye kitasa, uusukume. Mimi niliusukuma. Ulikuwa wazi.